Msamaha na Uponyaji katika Simulizi ya Anuarite: Usomaji wa Makiso

Simulizi ya Mwenye Heri Anuarite Nengapeta inafahamika sana miongoni mwa Wakristo wa kaskazini-mashariki ya Kongo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, mjini Isiro, mtawa huyo wa Shirika la Jamaa Takatifu alimkataa Kanali Olombe wa jeshi la Simba, akapigwa na kuuawa; naye, kabla ya kukata roho, alimsamehe. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenye heri, akamsamehe muuaji kwa niaba ya Kanisa lote.

Kifani, nguvu ya simulizi hii imo katika mfuatano wake: kosa, msamaha, kifo, utukufu. Msamaha unafuatwa papo hapo na kifo, hivyo mhusika mkuu haishi na jeraha lake. Udhaifu huanza pale simulizi inapohubiriwa kana kwamba ni kielelezo tosha cha uponyaji wa moyo. Hadhira ya Makiso, katikati ya Kisangani, imo katika hali nyingine. Walionusurika mwaka 1964, Simba walipoutawala mji huo tangu Agosti hadi Novemba, na walionusurika mizinga ya majeshi ya Rwanda na Uganda tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, wametakiwa kusamehe na kisha kuendelea kuishi.

Lugha yenyewe inatenganisha mambo hayo. Kusamehe ni tendo la hiari. Kupona ni hali, nayo haiji kwa amri. Methali "Yaliyopita si ndwele, ganga yajayo" hupendwa na wapatanishi, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, hata kama nyoka amekwisha kusamehewa.

Aidha, neno "kusamehe" hutumika pia kwa madeni, na hapo utata huzidi. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003, yakiwamo ya Kisangani. Muumini aliyeacha kisasi hakuacha kwa hivyo kudai haki yake. Anuarite alimsamehe mtu, hakusema kwamba kosa si kosa.

Simulizi hii, basi, yafaa isomwe kama ushuhuda wa msamaha, wala isitumiwe kuwanyamazisha ambao bado wanauguza.