Kuagiza Sanaa Mpya kwa Jumba la Kale

Waagizaji wengi huanza na jina la msanii. Mimi huanza na skrubu: kazi itashikizwaje, na siku ikiondolewa, ukuta utabaki na jeraha gani?

Kwa kipimo hicho, dari ya Marc Chagall katika jumba la opera la Palais Garnier, Paris, ni kazi ya daraja la kwanza. Aliyeiagiza ni André Malraux, waziri wa utamaduni, ikazinduliwa mwaka 1964 katikati ya kelele: rangi kali zile na dhahabu ya karne ya 19, wapi na wapi? Wabishi walitazama rangi wakasahau ufundi. Turubai zimepachikwa kwenye fremu chini ya dari ya awali ya Jules-Eugène Lenepveu, ambayo ingali juu, imefichwa tu. Atakayechoshwa na Chagall ana pa kurudia.

Kisha uliza: kazi imezaliwa na chumba hiki, au ingetundikwa popote? Dirisha la Gerhard Richter katika kanisa kuu la Köln, Ujerumani, lililozinduliwa mwaka 2007, lina miraba ya vioo zaidi ya 11,000 na hakuna mtakatifu hata mmoja. Lakini rangi zake 72 zimefuata zile za vioo vya kale vya kanisa lenyewe. Ugeni wake una nasaba.

Huku kwetu, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, masharti ni makali zaidi. Urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba, aghalabu usiozidi mita tatu hivi. Mchoro mkubwa unaomtaka mtazamaji arudi nyuma hauna nafasi humo, hata uwe mzuri vipi. Ukiona kazi imefunika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, jua msanii hakuja kuuona ukuta, alitumiwa vipimo. Wala usikubali rangi ya mafuta ipakwe juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa. Ukuta huo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizibwa, chumvi huisukuma plasta hadi ibanduke, na mchoro ukaenda nayo. Afadhali rangi ya chokaa, au kitambaa kilichotundikwa kwa kuachiwa upenyo wa hewa nyuma.

Mkataba nao upimwe. Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, lilipata dari iliyochorwa na Cy Twombly katika ukumbi wake mmoja mwaka 2010. Mwaka 2021 kuta za ukumbi ule zikapakwa rangi nyekundu iliyoiva, na taasisi inayosimamia urithi wa msanii ikapinga vikali: dari haikuguswa, lakini kazi imeharibiwa. Basi kabla hujatoa arubuni, andikeni rangi ya kuta, sakafu na taa, na nani mwenye idhini ya kuzibadilisha.