Mlinzi Naye Hulindwa

Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani wa karne ya 12, aliandika kwamba uchungu wa hopi, maua yanayotiwa kwenye bia, huzuia vinywaji visiharibike upesi. Hakukosea: asidi zilizomo katika maua hayo huwazuia bakteria wengi wanaochachusha bia. Ila mlinzi huyu wa bia mwenyewe ni dhaifu, naye asipolindwa hafiki hata chunguni.

Ua la hopi likichumwa Kent, kusini mwa Uingereza, mwezi wa Septemba, karibu sehemu nne kati ya tano za uzito wake ni maji. Likilundikwa hupata joto na kuvunda. Likikaushwa kwa moto mkali, mafuta yake ya harufu hupaa. Chini ya magamba yake umejificha unga wa manjano unaonata, lupulini, nao ndio wenye uchungu na harufu. Kuhifadhi hopi ni kuutunza unga huo.

Wakulima wa Kent waliijengea kazi hii minara ya matofali yenye paa lililochongoka. Chini waliwasha moto. Juu, maua yalitandazwa kwenye sakafu ya mbao zilizoachana, juu ya kitambaa cha singa. Msimu ukifika mkaushaji alilala humo humo, akiamka usiku kuangalia moto. Kipimo chake kilikuwa pua na viganja. Maua yakishapoa, yalishindiliwa kwenye magunia marefu ili hewa ikose pa kukaa.

Anayejipikia bia nyumbani, mwenye mimea michache ukutani, hutumia wavu na feni, lakini mtihani ni ule ule. Magamba hutangulia kukauka na kumdanganya mwenye haraka. Fundi hulipasua ua, akaukunja ule uti wa katikati: ukipinda, bado, ukikatika, tayari. Kilo tano mbichi zitambakishia kama kilo moja. Huitia hopi hiyo katika mifuko isiyopitisha hewa, akaifyonza hewa iliyobaki, akaiweka kwenye friza, kila mfuko na aina yake, uzito na mwaka wa mavuno. Hopi iliyoachwa kwenye joto na hewa hupoteza uchungu na huanza kunuka jibini.

Ufundi huu unatuhusu hata sisi wa ikweta. Siku zetu hazirefuki vya kutosha kuukuza mmea huu vizuri, hivyo viwanda vyetu huagiza hopi kutoka nje, ikiwa tayari imekaushwa na kufungwa. Bia ya Nairobi na ya Dar es Salaam isingekuwa na uchungu wake bila mtu wa mbali aliyejua wakati wa kuondoa maua motoni.

Sifa za bia hupewa mpishi. Ni haki nusu yake apewe aliyekausha.