Nyimbo Zinazofanana katika Ufuo wa Ziwa Mweru: Mchezo wa Gitaa, Mahadhi na Tuhuma ya Kunakili

Ikisiri

Nyimbo za kalindula za Jimbo la Luapula, Zambia, hulaumiwa kwamba zinafanana mno, na kwamba nyingi zimenakiliwa kutoka kwa wapiga gitaa wa Katanga. Makala haya yanaipinga hukumu hiyo kwa kuizingatia dhana ya mahadhi katika ushairi wa Kiswahili pamoja na nafasi ya toni katika Kibemba. Mwandishi anasahihisha pia kauli aliyoitoa yeye mwenyewe siku za nyuma.

1. Utangulizi

Miaka kumi iliyopita, nikiwasilisha makala katika kongamano kama hili, nilitaja wimbo wa mzee mmoja wa Kashikishi kuwa "nakala ya mtindo wa Mwenda Jean Bosco". Neno nakala nililitumia kwa wepesi, kama tunavyolitumia wengi wetu tunapochoka kusikiliza. Nyimbo nilizokuwa nimekusanya wakati huo zilikuwa zaidi ya arubaini, na masikioni mwangu zilikuwa zimeanza kuwa wimbo mmoja mrefu.

Niliporudi Nchelenge nilikuta mjukuu wa mzee yule amemsomea na kumfasiria maneno yangu. Mzee huyo namwita shikulu, yaani babu, kama ada ya huko inavyomtaka mtu wa umri wangu. Hakunikaripia. Aliniwekea kiti, akaniuliza swali moja tu: ni wapi hasa alipokuwa amenakili? Nilijibu kwamba gitaa linafanana. Akakubali, kisha akangoja niendelee, nami sikuwa na la kuendelea nalo. Makala haya ni jibu lililochelewa.

2. Ufuo na njia zake

Nchelenge ipo upande wa mashariki wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, na Kashikishi imeungana nayo kiasi kwamba mgeni hatambui anapotoka mji mmoja kuingia mwingine. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, yenye miji ya Kilwa na Pweto. Upande wa Zambia nako kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jambo linalowachanganya watafiti wa pwani yetu wanapolisoma jina hilo kwa mara ya kwanza. Lugha kubwa ya ufuo wa mashariki ni Kibemba. Ya magharibi ni Kiswahili cha Katanga. Wauza chisense, dagaa wadogo wanaoanikwa mchangani hadi ufuo mzima ukameta, hujua kiasi cha kutosha cha lugha zote mbili ili wasipunjwe.

Kiswahili hakikufika Katanga juzi. Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alijenga dola yake ya Garenganze na mji mkuu wake Bunkeya katika karne ya 19, na wafanyabiashara wa pwani walipita humo na katika himaya ya Kazembe wa Walunda huko Luapula. Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na miongoni mwa rekodi hizo ni Masanga, wimbo ambao wasikilizaji wengi wanaukumbuka kwa gitaa lake kuliko kwa maneno yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bosco na Edouard Masengo walifanya kazi Nairobi, na mtindo wao wa kucharaza nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada ukaacha alama kwa wapiga gitaa kavu wa Kenya. Bosco alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari, ndani ya Zambia.

Kabla Bosco hajajulikana, watu wa Luapula walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda kufanya kazi katika migodi ya Katanga. Walirudi na baiskeli, mablanketi na magitaa. Kisha ikaja redio. Kituo cha utangazaji cha Lusaka, ambamo Alick Nkhata alikuwa akigeuza nyimbo za vijijini kuwa nyimbo za gitaa, kilisikika kwa redio za betri zenye umbo la sufuria zilizoanza kuuzwa mwaka 1949. Katika miaka ya 1970 serikali ya Rais Kenneth Kaunda iliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaochezwa redioni uwe wa Kizambia. Bendi zilizokuwa zikiiga muziki wa Ulaya na Marekani zililazimika kutazama nyumbani, na huko ndiko walikokuta kalindula. Jina hilo ni la besi ya kienyeji inayoupa muziki huu mapigo yake. Besi hiyo, pamoja na banjo iliyochongwa kwa mkono na ngoma, ilikuwa imekwisha kuchezesha watu kwenye vilabu vya pombe muda mrefu kabla studio hazijaijua.

Basi kufanana kuna historia. Ziwa moja, barabara moja ya kwenda migodini, redio moja, na baadaye studio chache mno za Lusaka na Ndola. Lingekuwa ajabu kama nyimbo hizi zisingefanana.

3. Kinachofanana ni nini?

Kosa langu la miaka kumi iliyopita lilitokana na kutumia neno "wimbo" kana kwamba ni kitu kimoja. Katika kalindula kuna mchezo wa gitaa, yaani mzunguko wa nyuzi unaorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho juu ya sauti kuu mbili au tatu za msingi. Juu yake kuna sauti ya mwimbaji, ambayo ina njia yake. Na kuna maneno. Sikio la mgeni hushika lile linalorudiwa zaidi, nalo ni gitaa. Mimi, ingawa nasoma Kibemba, nilikuwa mgeni wa namna hiyo.

Hata katika gitaa lenyewe kufanana kuna mipaka. David Rycroft, aliyechapisha uchanganuzi wa gitaa la Bosco mwanzoni mwa miaka ya 1960, alionyesha kwa uvumilivu mkubwa jinsi Bosco alivyokuwa akiugeuza mzunguko uleule kila alipoupitia. Tunamsifu Bosco kwa kujirudia kwa namna hiyo. Mpiga gitaa wa Kashikishi akiugeuza mzunguko huohuo, tunasema amenakili.

Lakini hoja nzito zaidi ni ya lugha, na inanishangaza kwamba sisi wanaisimu tumewaachia wengine uwanja huu. Kibemba ni lugha ya toni: maneno mawili yenye sauti zilezile yanaweza kutofautishwa kwa kupanda au kushuka kwa sauti tu. Kiswahili kilikwisha kuzipoteza toni zake, nacho huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji wa Kibemba hafungwi kabisa na toni. Waimbaji wote huipinda lugha yao inapobidi. Hata hivyo hawezi kuipuuza katika neno linalobeba maana ya ubeti. Kwa hiyo wimbo wa Kiswahili cha Katanga ukivuka ziwa, gitaa lake linaweza kufika salama, lakini sauti ya mwimbaji hulazimika kutafuta njia nyingine.

Hili nililijaribu pamoja na shikulu. Aliwahi kuishi Lubumbashi, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko Kibemba changu. Nilimwomba apige mchezo uleule niliouita nakala, kisha aimbe juu yake lolote kwa Kiswahili. Akaimba kuhusu bei ya samaki na maofisa wanaokagua nyavu, kwani ilikuwa Desemba na uvuvi umefungwa. Gitaa halikubadilika hata uzi mmoja. Sauti ilibadilika yote: pale ambapo kwa Kibemba alikuwa akianza juu na kuteremka taratibu hadi mwisho wa mstari, kwa Kiswahili alikawia katika silabi ya mwisho-kasoro-moja ya kila kipande. Kisha tukafanya kinyume chake. Mimi nilijaribu kuimba maneno yake ya Kibemba kwa njia ile ya Kiswahili. Wanawake waliokuwa wakianua samaki jirani yetu walicheka hadi mmoja akaweka ungo chini. Jina la mwanamke anayeitwa katika kiitikio lilikuwa limegeuka kinywani mwangu kuwa kitu kisichoeleweka.

Toni hufanya pia kazi ya kinyume. Nyimbo nyingi za Luapula huanza kwa kumwita mayo, mama, au tata, baba, kabla ya malalamiko kuanza. Mwito uleule wenye toni zilezile huelekeza sauti za waimbaji wasiojuana kwenye njia zinazokaribiana. Anayesikia mianzo miwili inayolingana na kusema kwamba wa pili amemwibia wa kwanza, ajiulize kwanza kama hakusikia Kibemba tu.

4. Mahadhi hayana mwizi

Wasomaji wa Kiswahili wana dhana inayoweza kuyafafanua haya kuliko istilahi nyingi za kigeni tunazozikimbilia, nayo ni mahadhi. Mtunzi wa utenzi hutumia mistari ya mizani minane na kuughani kwa mahadhi yaliyoghani tenzi nyingine mamia. Hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Mtu akisema kwamba tenzi zote zinafanana, tunamwambia akasome maneno. Katika taarabu jambo hili liko wazi zaidi. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba kwa tuni za filamu za Kihindi, na mashabiki wake, ambao wengi wao walikuwa wameziona filamu zenyewe, walijua kabisa tuni inatoka wapi. Walikwenda kusikia fumbo limefungwaje ndani yake.

Kalindula nzuri hudai usikilizaji wa namna hiyo. PK Chishala, mwimbaji aliyekuwa kipofu na ambaye Wazambia wanamkumbuka kwa Common Man na Church Elder, hakutafuta gitaa jipya kwa kila wimbo. Alihitaji mzunguko ambao msikilizaji hana haja ya kuufikiria, ili nafasi yote ibaki kwa kisa: mnyonge asiye na pesa, mzee wa kanisa anayehubiri lake na kutenda jingine. Gitaa lingekuwa geni, kisa kingepotea. Hata jina la bendi ya Shalawambe, ya hukohuko Luapula, ni utungo mfupi. Linamwambia msengenyaji abaki nyuma aendelee kusengenya, na msomaji wa Kiswahili cha zamani atalitambua amba, ambalo kamusi kongwe zetu zinalipa maana ya kusema na ya kuteta.

Sisemi kwamba kila kufanana ni kwema. Nyimbo kadhaa nilizozisikia karibuni katika vibanda vya Kashikishi zimetengenezwa juu ya mdundo mmoja wa kompyuta, na waimbaji wake wamegawana hata malalamiko. Mpenzi ni yuleyule, simu isiyopokelewa ni ileile, na ukibadilisha majina ya waimbaji wimbo haupungukiwi na kitu. Huo ni umaskini, na mhakiki anapaswa kuuita hivyo. Ila ni umaskini wa maneno. Mdundo hauna hatia.

5. Jina katika karatasi

Tofauti hizi zina uzito nje ya kumbi zetu, kwa sababu wimbo ukirekodiwa lazima jina fulani liandikwe. Zambia ina Sheria ya Hakimiliki na Haki za Maonyesho ya mwaka 1994, na tangu 2016 ina sheria nyingine inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kijadi. Ya kwanza humtafuta mtunzi, ya pili huitafuta jamii. Wimbo wa kalindula unasimama katikati. Anayewahi kujiandikisha kuwa mtunzi wa mchezo ambao ufuo mzima unaujua huwageuza wenzake wote kuwa wezi kwa siku moja. Na anayesema kwamba kila kitu ni cha jamii humnyima aliyekesha akitunga maneno.

Madhara ya pande zote mbili tunayajua. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939. Wimbo ulizunguka dunia kwa majina mengine, ukichukuliwa kana kwamba ni sauti ya kijadi isiyo na mwenyewe, na warithi wake walifikia mapatano mwaka 2006 tu, yeye akiwa amekufa maskini. Malaika nao umehusishwa na Fadhili William na wengine kadhaa, na mzozo huo umedumu kuliko wahusika wake. Hapa dhana ya mahadhi haimsaidii anayechukua wimbo mzima, maneno na sauti, na kuuandika kwa jina lake. Huyo ni mwizi hata kama gitaa amelibadilisha.

Kauli yangu ya "nakala" ilikuwa na hatari hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Shikulu hana mkataba wala sahani ya santuri; alichonacho ni rekodi niliyomfanyia mimi, na kadi ya maelezo katika hifadhi ya idara yetu, ambayo kwa mkono wangu ilisema kwamba wimbo ni wa Bosco, umeimbwa na yeye. Nilimpelekea kadi mpya. Nilikuwa nimeandika kwamba maneno na sauti ni vyake, na kwamba mchezo wa gitaa ni wa ufuo wote. Nilidhani ataridhika, kwa kuwa ndiyo hoja yote niliyoieleza hapa.

Hakuridhika. Mchezo, alisema, haukutoka ufuoni. Alifundishwa na mjomba wake aliyerudi na gitaa kutoka Jadotville, katika nyumba ambayo msingi wake bado unaonekana karibu na soko, na mjomba huyo alikuwa na jina. Nilimwambia kwamba mjomba naye lazima alijifunza kwa mtu. Akajibu kwamba huyo mtu yeye hakumwona. Nimeliandika jina la mjomba chini ya lake, na kadi sasa ina majina mawili. Nafasi ya tatu, niliyokuwa nimeandika "ufuo", tuliiacha wazi.