Kicheko cha Wenye Nyumba za Magurudumu

Wako watu ambao nyumba zao zina magurudumu. Huko Marekani mtu hununua gari kubwa lenye kitanda, jiko na meza ndani yake, au hulitengeneza gari dogo mpaka likatosha kulala, kisha akafunga mlango wa nyumba ya matofali na kushika njia. Tuliite gari la namna hiyo gari-nyumba. Wenye magari hayo wamejulikana kwa ukunjufu: hupungiana mikono, huazimana nyundo, huombana chumvi, na hutaniana hata kabla hawajajuana majina. Waandishi wamependa sana kuusimulia ukunjufu huo. Kazi ya mhakiki si kuusifu tena, bali kuuliza kama umesimuliwa kwa kweli. Nitatazama vitabu viwili na filamu moja: Travels with Charley cha John Steinbeck, kilichotoka mwaka 1962, Nomadland cha Jessica Bruder, kilichotoka mwaka 2017, na filamu ya jina hilo hilo iliyoongozwa na Chloé Zhao mwaka 2020.

Tuanze na majina ya magari, maana hayo ndiyo mlango wa utani wao. Steinbeck aliliita gari lake Rocinante, jina la farasi mkonde wa Don Quixote, yule bwana katika riwaya ya Cervantes aliyepigana na vinu vya upepo akidhani ni majitu. Kwa jina hilo mwandishi amejicheka mwenyewe kabla hajachekwa na wengine. Linda May, bibi wa miaka sitini na zaidi ambaye Bruder amemfuata katika kitabu chake, alikuwa na kibanda kidogo cha kukokotwa na gari, nacho kiliitwa Squeeze Inn. Maneno hayo yakisikiwa ni mwaliko wa mtu kujibana apate kuingia. Yakisomwa ni jina la nyumba ya wageni. Ni mzaha mdogo, lakini ndani yake mna ufinyu wa mahali na ukarimu wa mwenyeji kwa pamoja. Kijana wa Kenya aliyezoea kusoma maandishi ya ubavuni mwa matatu hahitaji kufundishwa kwamba gari huweza kuwa na ulimi.

Steinbeck aliondoka mwezi wa Septemba mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 58, pamoja na mbwa wake mzee Charley, akaizunguka nchi yake kwa maili 10,000 hivi. Ni msimulizi wa kupendeza. Nguo zake alizifua kwa kuzitia katika ndoo yenye kifuniko, pamoja na maji na sabuni, akaining'iniza kwa kamba ya mpira ndani ya gari; mtikisiko wa barabara ukafanya kazi ya dobi. Huko Maine alipiga kambi karibu na wachumaji wa viazi waliotoka Kanada, watu wasemao Kifaransa. Alimtuma Charley kwao kana kwamba ni balozi, na jioni wageni wakajazana ndani ya Rocinante, wakanywa, wakafurahi. Ni ukurasa mmoja katika ile mizuri kabisa ya kitabu.

Walakini msomaji mwangalifu ataona jambo. Katika ukurasa huo Steinbeck ni mwenyeji, nao ni wageni. Kinywaji ni chake, meza ni yake, na asubuhi njia ni yake. Hakuna atakachowadai wala watakachomdai. Mwaka 2010 mwandishi wa habari Bill Steigerwald aliifuata njia ile ile, akaeleza kwamba siku nyingi Steinbeck alilala katika hoteli au alikuwa pamoja na mkewe, na kwamba baadhi ya mazungumzo yaliyomo kitabuni yana shaka. Toleo la mwaka 2012 lilikubali katika utangulizi wake kuwa kitabu kisisomwe kama taarifa ya neno kwa neno. Sioni kuwa hilo linakiua kitabu. Mtunga riwaya hawezi kuacha kutunga kwa sababu ameshika usukani. Lakini linatuonyesha udhaifu wa ukunjufu wake: ni rahisi kuutunga urafiki ambao haudai kitu.

Kipimo kizuri zaidi ni pancha. Steinbeck alipasukiwa na tairi huko Oregon, siku ya Jumapili, mvua ikinyesha kwa nguvu. Alibadili gurudumu akiwa ndani ya matope, akajikokota mpaka kituo cha petroli, akamkuta mtu mwenye sura ya kutisha. Mtu huyo alichukua simu, akatafuta huku na huku, na baada ya saa chache tairi zikapatikana. Steinbeck akambariki kwa maneno makubwa. Kisa ni kitamu, lakini kinakwisha kwa baraka: mwandishi hakumwona tena yule mtu, wala hatukuambiwa maisha yake yalikuwaje alipofunga mlango wa kituo.

Sasa mtazame Fern katika filamu ya Zhao. Naye anapata pancha, katika jangwa la Arizona, wala hana tairi la akiba. Anamwendea mama mmoja, Swankie, ambaye katika filamu anaigiza kwa jina lake mwenyewe. Swankie anamkaripia kwanza: mtu aweza kufa mahali kama hapa kwa kukosa tairi! Kisha anamsaidia, na Fern anailipa fadhila kwa kazi ya mikono juu ya gari la Swankie. Hapo pana karipio, msaada na malipo, na kicheko kinakuja baadaye kama mchuzi juu ya wali. Huku kwetu mtani ana ruhusa ya kutukebehi, na kwa ruhusa hiyo hiyo ana wajibu wa kushika jembe siku ya maziko. Watu hawa wa jangwani hawakulisikia neno utani, lakini sheria yake wameifahamu.

Kwa nini wameifahamu kuliko Steinbeck? Bruder ametoa jibu. Kwa muda wa miaka mitatu alikaa na kusafiri na wazee wa Marekani waliofanya magari kuwa makao yao, wengi wao baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 kuwanyang'anya nyumba, akiba au kazi. Walizunguka kufuata vibarua vya msimu: kulinda kambi za watalii, kuvuna viazisukari, kupanga bidhaa katika maghala ya Amazon kwa saa nyingi wakiwa na magoti mabovu. Wakati wa baridi walikusanyika Quartzsite, Arizona, katika mkutano ulioanzishwa na Bob Wells, wakafundishana namna ya kulala mjini bila kufukuzwa na hata namna ya kuchagua ndoo ya choo. Walicheka sana juu ya ndoo hiyo. Msomaji anacheka pamoja nao, halafu anakumbuka kwamba mwenye choo cha nyumbani hana haja ya hotuba juu ya ndoo. Bruder hakukificha kicheko wala sababu yake, na kwa maoni yangu hapo amemshinda Steinbeck.

Filamu, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021, ni nzuri kwa macho, na nyuso za watu wake haziigizi. Lakini imepunguza uchungu. Ghala la Amazon limeonyeshwa kama mahali pa kazi na marafiki wa chakula cha mchana, na maumivu ya mwili yaliyojaa kitabuni yamekuwa haba. Mtazamaji aweza kutoka akidhani kwamba umaskini ni namna mojawapo ya kupenda machweo.

Liko jambo jingine ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulipita. Bruder ameona kwamba aghalabu watu wa magari-nyumba ni wazungu, na ametoa sababu: Mmarekani mweusi akilala ndani ya gari kando ya barabara, polisi hawamtazami kwa jicho moja na mwenzake. Si habari mpya. Tangu mwaka 1936 mpaka miaka ya 1960, wasafiri weusi walibeba kitabu cha mwongozo kiitwacho Green Book, ili wajue hoteli na vituo vya petroli ambavyo havitawafukuza.

Na hapa namrudia Steinbeck kwa heshima, maana kurasa zake za mwisho hazina unafiki. Alipoingia Kusini mwa nchi, watu walichungulia dirisha la Rocinante, wakamwona Charley, wakasema kwa kucheka kwamba walidhani amempakia mtu mweusi. Mzaha ule ule alikutana nao tena na tena. Una kila alama ya utani wa njiani: mgeni, dirisha la gari, mbwa, kicheko. Lakini ni dhihaka, kwa kuwa anayechekwa hayupo, wala hana ruhusa ya kujibu. Steinbeck aliuandika bila kuupamba. Mjini New Orleans alishuhudia umati wa wazungu ukimtukana mtoto mmoja mweusi aliyepelekwa shule. Punde baadaye, huko Abingdon, Virginia, safari ikamtoka moyoni kabla hajafika kwake. Na maili zilizobaki akaziendesha bila kutazama uso wa mtu, wala kumkaribisha ye yote ndani kwa kikombe.