Uwazi na Gharama Yake: Erwin Panofsky kati ya Kijerumani na Kiingereza

Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ulimwondoa Erwin Panofsky (1892–1968) katika uprofesa wa historia ya sanaa Hamburg kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Alihamia Marekani, na kuanzia 1935 akawa Princeton. Katika makala ya mwaka 1953 alidai kuwa Kiingereza kilimlazimisha kusema wazi alichokusudia, ilhali Kijerumani cha wanazuoni kiliruhusu wazo hafifu kujificha nyuma ya istilahi nzito. Dai hilo linavutia, lakini maandishi yake mwenyewe hayaliungi mkono kikamilifu.

Nadharia yake ya ngazi tatu za kufasiri picha ina matoleo mawili. La Kijerumani, lililochapishwa katika jarida la *Logos* mwaka 1932, lilitokana na mhadhara mbele ya Jumuiya ya Kant mjini Kiel. Humo alijadiliana na Heidegger kuhusu nguvu anayoitumia kila mfasiri dhidi ya kazi anayoifasiri, akauliza ni nini kiizuie nguvu hiyo. La Kiingereza, utangulizi wa *Studies in Iconology* (1939), limo katika kitabu kilichotokana na mihadhara ya Chuo cha Bryn Mawr. Hilo linaanza na mtu anayevua kofia kumsalimu mwenzake njiani.

Mfano wa kofia unaeleweka mara moja, na hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo, Heidegger ametoweka. Historia imebaki kuwa kidhibiti cha fasiri, ila hatari inayodhibitiwa haitajwi tena kwa ukali ule. Aidha, kilichobadilika si lugha peke yake: hadhira ya wanafalsafa ilibadilishwa na hadhira ya chuo. Kwa hiyo, kuuhesabu uwazi huo kuwa sifa ya asili ya Kiingereza ni kuipa lugha sifa inayostahili hadhira.

Hasara nayo ilikuwa na mwenyewe. *Studies in Iconology* ilitoka kwa Kijerumani mwaka 1980 tu, miaka kumi na miwili baada ya kifo chake. Kijerumani hakikupungukiwa na uwezo wa kubeba fikra hizo. Kilinyang'anywa mwandishi wake. Anayepanga sera ya lugha ya elimu hana budi kutenganisha mambo hayo mawili: udhaifu wa lugha, na matokeo ya kuwafukuza wanaoiandikia.