Kibodi Inayobwabwaja

Kibodi iliyokufa kabisa haimsumbui mtu sana. Unachomeka nyingine ya USB, kazi inaendelea, na ile ya ndani inabaki pambo. Inayotesa ni kibodi inayobwabwaja: hujaigusa, lakini herufi zinamiminika kwenye skrini. Hapo kibodi ya pili haifui dafu, kwa sababu kompyuta husikiliza kibodi zote zilizounganishwa nayo kwa wakati mmoja na kuyachanganya maandishi yake katika mstari mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kipakatalishi cha saiba moja mjini Homa Bay, ThinkPad ya mitumba ya Uingereza iliyokuwa ikiandika herufi b bila kikomo. Kisanduku cha nywila kilijaa b kabla mwenye mashine hajafika hata kwenye herufi yake ya kwanza. Kibodi ya USB ilinunuliwa, ikachomekwa, na b zikaendelea kujipenyeza katikati ya maneno. Basi mashine ikapanda matatu kupitia Rongo na Awendo hadi kwa fundi mmoja mjini Migori. Alichokifanya fundi huyo kinafaa kuchambuliwa, hasa mpangilio wake, maana wengi wangeanza na bisibisi. Yeye alimalizia nayo.

Jambo la kwanza lilikuwa kuhakikisha kwamba kibodi ndiyo mgonjwa. Hatua hii hudharauliwa, lakini makosa mengi yanayopelekwa kwa mafundi ni ya mipangilio tu. Vipakatalishi vya zamani visivyo na safu ya pembeni ya nambari vina nambari zilizofichwa chini ya herufi: U, I na O ni 4, 5 na 6, J, K na L ni 1, 2 na 3, M ni 0. Num Lock ikiwaka kwa bahati mbaya, jina Odhiambo linaandikika 6dh5a0b6, na Migori inakuwa 05g6r5. Ukiona hivyo usitafute fundi, tafuta kitufe cha Num Lock. Halafu Windows ina kipengele kiitwacho Filter Keys, ambacho huwaka ukikandamiza Shift ya kulia kwa sekunde 8. Kikiwaka, mguso mwepesi hupuuzwa na kibodi huonekana imekufa. Na anayenunua mashine iliyotoka Uingereza asishangae akibonyeza alama ya nukuu juu ya 2 na kupata @. Vitufe ni vya Kiingereza cha Uingereza, mpangilio uliowekwa ni wa Marekani, na dawa yake iko kwenye mipangilio ya lugha.

Kwa mashine ya Homa Bay, hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa chanzo. Fundi aliiwasha kwa Linux iliyokuwa kwenye flash, akafungua ukurasa mtupu, na b zikaja vilevile. Windows ikaondolewa lawama. Kisha akafanya jaribio dogo ambalo naliona bora kuliko programu zozote za kupima vitufe: alibonyeza herufi nyingine kwenye kibodi hiyohiyo ya ndani, akaiachia.

Mantiki yake ni hii. Ukishikilia kitufe, kinachojirudia kwa kawaida ni kile kilichobonyezwa mwisho. Ukishikilia b kisha ukagusa k na kuiachia, k huukata mfululizo wa b, na b hairudi hadi uiachie na kuibonyeza upya. Kwa hiyo kama kitufe kimenasa chini kwa uchafu, mguso wa herufi nyingine utaleta kimya. Kama herufi inarudi yenyewe baada ya muda mfupi, basi mguso wa umeme ndani unafunga na kufungua wenyewe, na hilo si suala la kitufe kunasa. Kule Migori kulikuwa kimya kwa muda mfupi, kisha b zikaanza tena. Zaidi ya hayo, alipopitia vitufe kimoja kimoja, baadhi vilitoa herufi mbili kwa mguso mmoja.

Hapa inabidi tuingie ndani ya kibodi yenyewe. Chini ya kila kitufe kuna mkasi mdogo wa plastiki unaokipandisha na kukishusha, na kikombe cha mpira kinachokirudisha juu. Chini ya vyote hivyo zimelala karatasi tatu za plastiki zilizobanwa pamoja. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme kwa wino wenye fedha, ya kati imetobolewa matundu. Ukibonyeza, njia ya juu hugusana na ya chini kupitia tundu. Vitufe viko zaidi ya 80, lakini havina waya zaidi ya 80 kuelekea bodi kuu. Vimepangwa katika mistari na safu zinazokatana, mara nyingi 8 kwa 16, na kidhibiti kidogo kwenye bodi huzipitia safu moja baada ya nyingine mara nyingi kwa sekunde, kikiuliza ni makutano gani yamegusana.

Ukishaujua mpangilio huo, kibodi inakuwa rahisi kusomeka. Kitufe kimoja kikifa peke yake, tatizo liko kwenye mkasi, kikombe au uchafu wa hapohapo. Vikifa kadhaa kwa pamoja, hata kama vimetawanyika huku na kule, kuna mstari mmoja uliokatika, au utepe unaounganisha kibodi na bodi kuu umelegea. Kitufe kimoja kikitoa herufi mbili, mistari miwili inagusana pasipostahili. Jibu la mashine yetu lilikuwa hilo la tatu, na maana yake ni unyevu.

Unyevu wa nini? Mwenye saiba alikiri kikombe cha chai ya maziwa, wiki kadhaa nyuma. Chai yenye sukari ni mbaya kuliko maji matupu, kwa kuwa maji hukauka na kuondoka, ilhali sukari hubaki ikivuta unyevu wa hewani. Na hewa ya Homa Bay, mji uliokaa kando ya Ghuba ya Winam, haikosi unyevu. Palipo na unyevu na umeme, fedha ya kwenye wino husafiri polepole kutoka njia moja hadi jirani yake na kujenga daraja lisiloonekana kwa macho. Ndiyo maana mashine ilifanya kazi vizuri baada ya ajali, ikaja kuharibika baadaye, wakati kila mtu ameshaisahau ile chai.

Eneo hili lina maadui wengine pia. Wadudu wa ziwani wanaopaa kwa mawingu kutoka Ziwa Viktoria hufuata mwanga usiku, na skrini iliyo wazi karibu na dirisha ni mwanga tosha. Wakifia kati ya vitufe huacha mabaki yanayonasa. Upande wa Nyatike, vumbi la mawe yanayosagwa kwenye machimbo ya dhahabu ni laini kiasi cha kupenya popote. Wala si maradhi ya mashine kuukuu tu. Apple iliingiza kibodi nyembamba sana kwenye MacBook ya mwaka 2015, chembe za vumbi zikawa zinakwamisha vitufe, na Juni 2018 kampuni ikalazimika kutangaza mpango wa kuzitengeneza bure. Aina hiyo ilianza kuachwa Novemba 2019, na mwaka 2022 Apple ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani. Kipuri kinaweza kuwa ghali na bado kikashindwa na punje ya mchanga.

Fundi hakupoteza muda kuosha kibodi kwa spiriti, nami nakubaliana naye. Zile karatasi tatu zimegandishwa pamoja. Spiriti hufika nje tu, na ikipenya huweza kulegeza gundi na wino. Kusafisha kunafaa kwa kitufe kilichonasa, si kwa mistari iliyogusana. Na mchele ambamo watu huzika simu na kompyuta zilizolowa huongeza vumbi la wanga juu ya balaa iliyopo. Mashine ikimwagikiwa, izime papo hapo, toa betri kama inatoka, igeuze kifudifudi, iache ikauke.

Kibodi mpya ilibidi iagizwe Nairobi, na saiba haiwezi kufunga milango ikisubiri parseli ya basi. Kwa hiyo kazi halisi ikawa kuinyamazisha ya zamani kwa programu. Kwenye Windows, kibodi nyingi za ndani hupita kwa dereva iitwayo i8042prt. Fundi alifungua dirisha la amri kama msimamizi, akaandika kwanza sc qc i8042prt ili aone na kuandika pembeni ilivyowekwa awali, kisha sc config i8042prt start= disabled, pamoja na ile nafasi baada ya alama ya sawasawa, akaiwasha mashine upya. B zikakatika. Kibodi ya USB ikabaki peke yake, kwa kuwa haipiti njia hiyo. Tahadhari ni mbili: kibodi ya USB ijaribiwe kabla, si baada, na kipanya cha USB kiwepo, maana kwenye baadhi ya mashine kipadi cha kugusa hupita njia ileile na kitanyamaza pamoja na kibodi.

Anayetumia Linux ana njia laini zaidi. Amri xinput list huonyesha vifaa, na kibodi ya ndani mara nyingi huitwa AT Translated Set 2 keyboard. Amri xinput float pamoja na nambari yake huitenga mara moja, mradi unatumia X11 na si Wayland. Ukitaka inyamaze hata kwenye ukurasa wa kuingilia, ongeza i8042.nokbd kwenye maelekezo ya kuwashia kerneli.

Wengi hukimbilia SharpKeys ili kukizima kitufe kimoja tu. Siipendi kwa kazi hii. Ramani inayoandikwa kwenye rejista ya Windows hutumika kwa kibodi zote, kwa hiyo ukiizima b ya ndani umeizima na ya USB. Inafaa kinyume chake: kitufe kimekufa, na unataka kingine usichokitumia kichukue nafasi yake.

Programu zote hizi zina mpaka. Haziwezi lolote kabla mfumo haujapakiwa, na kitufe kinachojibonyeza wakati wa kuwasha kinaweza kuisimamisha mashine kwenye menyu. Hapo inabaki kuchomoa utepe. Betri itenganishwe kwanza, na kibanio cha utepe kifunguliwe kwa ukucha, si kwa chuma. Kibanio kikivunjika, ukarabati umehamia kwenye bodi kuu. Angalia pia kitufe cha kuwashia kiko wapi. Kwenye vipakatalishi vingi vya siku hizi kimo ndani ya kibodi, na ukichomoa utepe hutaweza kuiwasha mashine.

Kibodi ilipofika, kazi ilikuwa fupi. ThinkPad za aina ile zina skrubu chache chini zenye alama ya kibodi. Unazifungua, unaisukuma kibodi, inanyanyuka, unahamisha utepe, kisha unairudisha dereva ilivyokuwa. Vipakatalishi vyembamba vya leo ni habari nyingine: kibodi imepigiliwa kwenye fremu ya juu kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, na kuitoa ni kuivua mashine nzima.

Basi unayenunua kompyuta ya mtumba Migori au Homa Bay, fungua ukurasa mtupu na ubonyeze kila kitufe kabla ya kulipa, kisha igeuze uone kama kibodi ina skrubu zake. Na ukiagiza kibodi kutoka Nairobi, usitume jina la kompyuta peke yake. Tuma picha ya lebo iliyo mgongoni mwa kibodi ya zamani yenye nambari ya kipuri, useme kama Enter yake ni ya wima au ya kulala, na kama ina taa na kile kipini chekundu cha katikati. Kibodi isiyolingana hairudishiki kirahisi, na nauli ya parseli ni yako.