Mfiche Staa Kwanza: Kuzipima Picha za David LaChapelle

Weka kiganja juu ya uso wa mtu maarufu, halafu tazama kilichobaki. Hivyo ndivyo ninavyomshauri yeyote anayeikabili picha ya David LaChapelle, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1963 ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiwapiga picha waimbaji na waigizaji katika hali zinazowakera wengi. Ikiwa kilichobaki ni ukuta wa waridi na viti vya kukodi, picha hiyo iliuza gazeti na kazi yake ikaisha. Anazo nyingi za namna hiyo. Simlaumu, maana ndizo alizoagizwa, na aliyempa kazi ujanani katika jarida la Interview alikuwa Andy Warhol, mtu aliyejua thamani ya sura inayotambulika.

Sasa chukua The Rape of Africa ya mwaka 2009. Mwanamitindo Naomi Campbell ameketi akiegemea, na mbele yake kijana wa kizungu amelala fofofo. Mpangilio huo umetoka kwa mchoraji Botticelli, kwenye mchoro wake wa miungu Zuhura na Mirihi ulioko National Gallery jijini London. Botticelli alichora vitoto vyenye miguu ya mbuzi vikichezea mkuki na kofia ya vita ya yule aliyelala. LaChapelle ameweka watoto weusi wenye silaha. Mlalaji kazungukwa na dhahabu, na ukuta wa nyuma una tundu linaloonyesha machimbo. Mfiche Campbell uone: machimbo yapo, silaha zipo, na usingizi wa yule kijana unazidi kuudhi. Mtu wa Geita au Ituri, kunakochimbwa dhahabu, ataliona tundu hilo kabla hajamwona mwanamitindo.

Hata hivyo nina neno nayo. Watoto wale wamepewa silaha wakanyimwa nyuso za kukumbukwa, na hiyo ndiyo Afrika ambayo magazeti ya Ulaya yamekuwa yakituonyesha miaka yote. Picha inayomkaripia mwizi huku ikiazima miwani yake inapungua hadhi machoni pangu, japo siitupi.

Baada ya hapo kagua mikono, yaani ufundi wa kujenga. LaChapelle anajulikana kwa kujenga mandhari yake kwa vitu halisi badala ya kuyaunda yote kwenye kompyuta. Mfululizo wa Land Scape unafundisha zaidi kuliko mwingine wowote. Kwa mbali unaona kiwanda cha kusafisha mafuta usiku, taa zinameremeta, minara imesimama. Sogea, utakuta mirija ya soda, rola za nywele, makopo na makasha ya mayai. Picha hizi zinapaswa kufaulu mara mbili. Zisipokudanganya ukiwa mbali, ujenzi ni mbovu. Zisipojifichua ukiwa karibu, mzaha umepotea. Nyingi zinafaulu, na hakuna staa hata mmoja ndani yake.

Rangi ni mtego. Zake ni kali kama za pipi, na wanaomwiga hudhani siri iko hapo. Iondoe rangi kwa simu yako, picha ibaki nyeusi na nyeupe. Ukifanya hivyo kwa Deluge, kazi yake kubwa iliyotokana na gharika ya Michelangelo katika dari la kanisa la Sistine, bado utaona watu wanakwea, wanashikana na kuvutana huku hoteli ya Caesars Palace ya Las Vegas ikizama nyuma yao. Mpangilio umesimama wenyewe. Tazama pia miili: ni ya umri na maumbo mbalimbali, na uchi wake ni wa mtu aliyenusurika, hauna utongozaji. Picha za magazeti zikivuliwa rangi mara nyingi hubaki tupu.

Swali la kufuru ndilo linalochemsha watu. Katika Jesus Is My Homeboy ya mwaka 2003, Yesu anakaa na vijana wa mtaani wenye mavazi ya kisasa. Kabla ya kukasirika, uliza dhihaka imemlenga nani. Mwanga uliomwangukia Yesu pale ni uleule wa kalenda za Moyo Mtakatifu zinazotundikwa sebuleni, na kaupokea bila kukonyeza jicho. Naona ibada zaidi ya kejeli. Lakini American Jesus, ambamo Yesu amembeba anayefanana na Michael Jackson msituni, haistahimili kiganja changu. Mfiche yule aliyebebwa, utabaki na miti na huruma isiyo na mwenyewe.

Kwa mwenye nia ya kununua, nakala zenye thamani hutolewa kwa toleo lenye idadi maalumu, na picha moja huweza kutolewa kwa ukubwa tofauti, kila ukubwa na hesabu yake. Muulize muuzaji namba ya nakala, ukubwa wa toleo zima na saini ilipo. Asiyejibu mojawapo anakuuzia bango, na bango lina bei yake. Kazi kama Deluge usiihukumu kwa simu pekee. Simu itakuonyesha mpangilio, lakini nyuso za watu wa nyuma, ambako mpigapicha mvivu angelipua kazi, zinahitaji kutazamwa zikiwa zimetundikwa ukutani.